Useremala wa kujifurahisha: kabla ya mashine, nunua jiwe la kunolea

Mkuu, umeuliza ununue mashine gani ya kuanzia useremala wa kujifurahisha, na umesema chumba chako ni kidogo. Kwa sasa usinunue hata moja. Mashine hukata haraka, na kwa mtu ambaye hajajua kupima, huharibu mbao kwa kasi hiyohiyo.

Chukua msumeno wa mkono wenye meno madogo, patasi mbili (milimita 12 na 25), randa ya chuma ya ukubwa wa kati, skwea (kifaa cha kupimia pembe mraba), rula ya chuma, kisu cha kuchorea, nyundo ya mti na jiriwa nne za kubania. Halafu jiwe la kunolea lenye pande mbili, 1000 na 6000 (namba ikiwa kubwa, jiwe ni laini zaidi). Hilo jiwe ndilo wengi huliacha dukani, kisha wanalalamika kwamba mbao ni ngumu.

Patasi mpya huja imechongwa tu, haijanolewa. Anza na mgongo, yaani ule upande bapa: ulaze wote juu ya jiwe la 1000 na usugue mpaka sentimita mbili za mwisho karibu na makali zing'ae bila doa. Geuza upande wenye mteremko. Kwa kawaida umechongwa kwa nyuzi 25. Inua mkono kidogo ufike kama 30, sugua taratibu, kisha pitisha kidole mgongoni kuelekea nje ya makali. Ukihisi kikwaruzo chembamba cha chuma upana wote, umefika kwenye makali yenyewe. Kikiwa upande mmoja tu, endelea, maana kuhamia 6000 mapema ni kung'arisha butu. Kwenye 6000 sugua mteremko mara chache, laza mgongo, ondoa kikwaruzo. Jaribu kwa kukata kichwa cha ubao laini, yaani mwisho wake ambapo nyuzi za mbao zimekatwa: patasi kali huacha uso unaong'aa, butu huziponda nyuzi. Na butu ndiyo inayojeruhi, kwa sababu unaisukuma kwa nguvu na inateleza. Mikono yote miwili ikae nyuma ya makali siku zote.

Skwea usiiamini kwa sababu ni mpya. Iegemeze kwenye ukingo ulionyooka, chora mstari, igeuze upande wa pili na uchore tena palepale. Mistari ikiachana, pengo unaloliona ni kosa la skwea mara mbili. Mistari ya kukatia ichore kwa kisu, si penseli: kisu hukata nyuzi za juu, na patasi hukaa ndani ya mfereji ule bila kuhama. Msumeno nao hula karibu milimita moja ya mbao, kwa hiyo upitishe upande wa kipande cha kutupwa. Ukikata juu ya mstari wenyewe, kipande chako kitakuwa kifupi.

Kazi ya kwanza iwe kibao cha kukatia, kile kinachoshikilia ubao mezani unapoukata kwa msumeno. Plaiwudi ya milimita 18, urefu 250, upana 200. Gundisha kipande cha ubao upande wa juu, kwenye ukingo wa mbali, na kingine upande wa chini, kwenye ukingo wa karibu. Cha chini hushika ukingo wa meza, cha juu huzuia ubao unaoukata. Cha juu kiache kifupi kwa milimita 20 upande wa msumeno, ili meno yaishie kwenye plaiwudi badala ya meza. Misumari usitumie, siku moja msumeno utaikuta. Gundi nyeupe ipake nyembamba, bana mpaka itoke shanga ndogondogo pembeni, acha saa moja, na usikitumie kabla ya saa 24. Kichwa cha ubao kikigundishwa kwa kichwa kingine huachia, kwa sababu nyuzi zilizokatwa hunyonya gundi. Hapo panahitaji kiungo, si gundi peke yake.

Jambo linalovunja kazi za wanaoanza ni unyevu. Ubao hutanuka na kusinyaa kwa upana, urefu haubadiliki sana. Ukifunga uso mpana wa meza kwa skrubu zilizokaza pande zote, lazima upasuke au ukunjike. Skrubu ya katikati ikaze, za pembeni zipe matundu marefu kufuata upana. Mbao uliyonunua ipange chumbani na vijiti katikati, hewa ipite, wiki moja au mbili kabla ya kuigusa.

Msasa nenda namba 80, 120, 180, ukifuata nyuzi. Ukiruka hatua, mikwaruzo ya 80 itajitokeza baada ya vanishi. Vaa barakoa, vumbi laini huingia mapafuni.

Ukipaka mafuta ya kitani, vitambaa ulivyotumia usivikunje ukavitupa. Yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe. Kianike kimoja kimoja nje mpaka kikakamae, au kitie kwenye kopo la maji.