Kuweka Debian kwenye seva iliyo mbali
Mkuu, umesema seva iko Ujerumani, hujawahi hata kuiona, na unataka Debian (mfumo endeshi wa Linux) bila skrini wala CD. Inawezekana. Pakua faili mbili za netboot (kisakinishi cha Debian cha kupitia mtandao), linux na initrd.gz, ziweke /boot, ziongeze kwenye GRUB, programu inayochagua mfumo wa kuwasha. Weka GRUB_DEFAULT=saved, endesha update-grub, kisha grub-reboot: itaita kisakinishi mara moja tu. Kikigoma, izime na kuiwasha kupitia paneli ya mwenye seva, utarudi mfumo wa zamani.

Faili ya preseed, yenye majibu ya maswali ya kisakinishi, iingize ndani ya ile initrd.gz; humo uwashe network-console (njia ya kukiendesha kisakinishi ukiwa mbali) yenye nenosiri, na IP (anwani ya seva mtandaoni) uiandike mwenyewe. Mimi nilikosea tarakimu moja ya lango la mtandao, nikakesha! Seva ikiitika, ingia kwa SSH (njia salama ya kuingia kompyuta ya mbali), jina la mtumiaji installer. Ila data nakili kwingine kabla hujagusa diski.