Uingereza ya mwaka 1258 kwenye gemu: maswali yenu na majibu

Maswali mengi safari hii yanahusu gemu ya Medieval II: Total War na nyongeza yake ya Kingdoms iliyotoka mwaka 2007. Humo mna kampeni iitwayo Britannia, inayoanzia mwaka 1258. Mnaoitengenezea modi, yaani mabadiliko yanayofanywa na wachezaji wenyewe, mnauliza kipi kirekebishwe ili historia isipotoshwe.

Nimewavika askari wa Uskoti sketi za mirabamiraba na kuwapaka bluu usoni. Nimepatia?

Hujapatia, viondoe vyote viwili. Vazi lile linaanza kutajwa mwishoni mwa karne ya 16, miaka mia tatu baada ya kampeni yako. Rangi ya bluu ni ya Wabritania, wenyeji wa kale wa kisiwa hicho aliowaeleza Julius Caesar, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya kampeni yako. Askari wa kawaida mpe mkuki, ngao na koti nene la kitambaa. Bwana wake mpe dirii ya pete za chuma, sawa na bwana wa Kiingereza. Kuna jambo kubwa kuliko mavazi: mfalme wa Uskoti, Alexander III, alitimiza miaka 17 mwaka huo, na tangu 1251 alikuwa amemwoa Margaret, binti wa Henry III wa Uingereza. Modi inayowafanya mtu na mkwewe wapigane siku ya kwanza imekosea kuliko modi yenye kofia za chuma zisizo zake.

Kaka, kwa nini Ireland ya gemu ndiyo yenye kasoro kubwa zaidi?

Kwa sababu gemu imeifanya ufalme mmoja wenye hazina moja na jeshi moja, na haikuwa hivyo hata kidogo. Dublin na sehemu kubwa ya mashariki na kusini zilikuwa chini ya taji la Uingereza na mabwana wenye asili ya Kinormani. Kwingineko walitawala wafalme wa Kigaeli, yaani wenyeji wa Ireland, kila mmoja na eneo lake na mahasimu wake. Mwaka huohuo wa 1258 baadhi yao walimkubali Brian O'Neill kuwa mfalme wa Ireland. Miaka miwili haikupita sana, aliuawa vitani karibu na Down mwaka 1260. Mshirika wake, Aedh O'Connor wa Connacht, alikuwa ameoa mwaka 1259 binti wa mtawala mmoja wa visiwa vya magharibi mwa Uskoti, na bibi harusi alifika na wapiganaji 160. Hao ni miongoni mwa askari wa kukodiwa wa visiwani wa mwanzo kabisa kuandikwa. Ukitaka kuwaingiza, basi wapatikane kwa ndoa na mapatano, wasitoke tu kwenye kambi ya jeshi kwa kubonyeza kitufe.

Kwa hiyo igawe Ireland. Gemu inaruhusu pande 31, nafasi ipo.

Wales nayo ina mgawanyiko wake. Llywelyn ap Gruffudd alianza kujiita Mkuu wa Wales mwaka 1258, lakini Henry III alimtambua kwa mkataba mwaka 1267 tu. Katikati ya hapo, mwaka 1263, ndugu yake mwenyewe, Dafydd, alihamia kwa Waingereza. Ukifungua descr_strat, faili linalopanga hali ya mwanzo wa kampeni, Dafydd mpe uaminifu mdogo tangu mwanzo. Na usimjazie Llywelyn wapiga upinde: Gerald wa Wales, padri aliyeizunguka nchi hiyo mwaka 1188, aliandika kwamba upinde ulikuwa sifa ya watu wa kusini, hasa Gwent, na mkuki ulikuwa wa kaskazini. Llywelyn ni wa kaskazini.

Ngome ya Conwy iwepo tangu mwanzo?

Hapana. Conwy, Caernarfon na Harlech zilianza kujengwa na Edward I, mwana wa Henry III, mwaka 1283, baada ya Llywelyn kuuawa. Mnara Mweupe wa London uwepo, na uwe mweupe kweli, maana Henry III aliamuru upakwe chokaa mwaka 1240.

Mashamba ya viazi je?

Futa. Viazi vilitoka Amerika karne tatu baadaye. Panda ngano, shayiri, oti na maharage mapana.

Alama ya hazina ni rundo la sarafu za dhahabu. Niiache?

Ibadilishe iwe peni ya fedha, ndiyo iliyozunguka sokoni. Henry III alijaribu kutoa peni ya dhahabu mwaka 1257, wafanyabiashara wa London wakaipinga, ikafifia. Pauni ya peni 240 na maki ya peni 160 vilikuwa vya kuhesabia tu, hakuna sarafu ya namna hiyo mfukoni mwa mtu. Aliyetaka chenji aliikata peni nusu au robo. Mwaka 1266 Norwei iliiachia Uskoti kisiwa cha Man na visiwa vya magharibi kwa maki 4,000, mbali na malipo ya kila mwaka. Hizo ni peni 640,000. Pangia gharama zako kwa kipimo hicho.

Nikiweka mhusika mweusi, wachezaji watasema nimebuni?

Wakisema, waonyeshe nyaraka. Juni 1259 Henry III alitoa amri ya kumkamata Mwethiopia aitwaye Bartholomew, zamani Msaraseni (jina walilowaita Waislamu), aliyeletwa Uingereza kama mtumwa wa Roger de Lyntin na akatoroka. Kuna pia muhtasari wa Kitabu cha Domesday, daftari la ardhi na mali za Uingereza, wa mnamo 1241 uliochorwa mtu mweusi kwenye herufi ya kwanza ya ukurasa. Usimgeuze kuwa kikosi cha jeshi. Mweke Bartholomew kama tukio la mwaka wa pili, na mchezaji aamue: amrudishe kwa bwana wake au amfiche. Mimi ningependa sana kuliona tukio hilo.

Mwanzo wa kampeni ni mtulivu mno. Niongeze waasi?

Ongeza njaa. Mavuno yalikuwa mabaya hata kabla ya 1258, na mwaka 1257 Samalas, volkano ya kisiwa cha Lombok huko Indonesia, ililipuka na kutia ubaridi sehemu nyingi za dunia. Mtawa Matthew Paris aliandika juu ya maskini waliokufa kwa maelfu London mwaka 1258. Ndani ya hali hiyo ndipo makabaila walipomlazimisha Henry akubali masharti ya Oxford, yaliyopunguza mamlaka yake, Juni mwaka huohuo. Kwenye skripti ya kampeni, shusha mapato na ongezeko la watu kwa zamu chache za kwanza, kisha acha mgogoro wa makabaila ukue pole pole hadi vita vya Lewes mwaka 1264, mfalme alipotekwa, na vya Evesham mwaka 1265, Simon de Montfort, kiongozi wa makabaila, alipouawa. Wachezaji watalalamika kwamba hazina imeanza tupu. Waeleze sababu kwenye maelezo ya modi, na usiipandishe.