Mfalme Arthur: Maswali Yenu na Majibu

Tangu niliposimulia hapa jinsi kijana Arthur alivyouchomoa upanga jiweni akawa mfalme wa Britania, kisiwa chenye Uingereza, Wales na Uskoti za leo, maswali yamemiminika. Nimechukua yale yaliyojirudia zaidi.

Huyu Arthur aliishi kweli, au ni ngano tupu?

Hakuna andiko hata moja la zama zake linalomtaja. Jeshi la Roma liliondoka Britania mwanzoni mwa karne ya 5, na baada ya hapo Wasaksoni, watu wa makabila ya Kijerumani, wakaja kwa bahari na kutwaa ardhi ya mashariki. Gildas, mtu wa kanisa aliyeandika katika karne ya 6, anasimulia vita hivyo na ushindi mkubwa wa wenyeji mahali paitwapo Badon, lakini hamtaji Arthur popote. Jemadari anayemsifu kwa jina ni Ambrosius Aurelianus.

Arthur anajitokeza katika kitabu cha Kilatini kilichoandikwa Wales karibu mwaka 830, yaani miaka kama 300 baadaye. Humo haitwi mfalme. Ni kiongozi wa vita aliyepigana bega kwa bega na wafalme mara 12, na pale Badon inasemwa aliua watu 960 kwa shambulio moja, peke yake. Ukiisoma hesabu hiyo unaona kabisa kwamba ngano ilikwisha kuota mizizi. Huenda nyuma yake kulikuwa na mpiganaji wa kweli, lakini kwa ushahidi tulio nao siwezi kukuapia.

Mwalimu wetu alisema Arthur alikuwa mfalme wa Waingereza. Wewe uliandika kwamba alipigana nao. Tumwamini nani?

Swali hili nimelipenda kuliko yote, maana hapa ndipo penye kiini cha hadithi nzima. Watu wa Arthur walikuwa Wabritoni, wenyeji wa kisiwa kabla ya Wasaksoni. Lugha yao ndiyo iliyozaa Kiwelisi cha leo, pamoja na lugha za Cornwall na za Bretagne kule Ufaransa. Wasaksoni waliokuwa maadui zake ndio mababu wa Waingereza. Kwa hiyo alikuwa shujaa wa walioshindwa, na watoto wa washindi wakaja kumfanya wao.

Ilikuwaje? Karibu mwaka 1136, Geoffrey wa Monmouth aliandika kwa Kilatini historia ya wafalme wa Britania, akamkuza Arthur kutoka jemadari hadi mfalme mkuu aliyevuka bahari kupigana na Roma yenyewe. Kitabu kilipendwa mno, na watawala wa Uingereza wakaona faida yake: anayejinasibisha na Arthur anaweza kudai kisiwa kizima. Edward I alipoishinda Wales katika miaka ya 1280, alikabidhiwa taji lililosemekana kuwa la Arthur. Hebu fikiri uchungu wa watu wa Wales, kunyang'anywa nchi na shujaa kwa mpigo. Baadaye Henry VII, ambaye ukoo wake wa Tudor ulitoka Wales, alimpa mwanawe wa kwanza jina la Arthur. Mtoto huyo alizaliwa Winchester mwaka 1486, lakini alifariki mwaka 1502 kabla ya kutawala, na ufalme ukamwendea mdogo wake, Henry VIII.

Mwalimu wako basi hakudanganya. Alikupa hadithi kama washindi walivyoisimulia.

Ule upanga wa jiweni ndio Excalibur?

Wengi huuchanganya, na si kosa lao. Katika simulizi ya mwandishi Mwingereza Thomas Malory, iliyochapwa mwaka 1485, panga ni mbili. Wa kwanza ni ule uliothibitisha ufalme wake. Ulianza kusimuliwa na Mfaransa Robert de Boron karibu mwaka 1200, na kwake ulikuwa umechomekwa kwenye fuawe la mhunzi lililowekwa juu ya jiwe. Kwa Malory, upanga wa Arthur ukavunjika katika pambano na Mfalme Pellinore, ndipo Bibi wa Ziwa, mwanamke wa ajabu wa majini, akampa wa pili, Excalibur.

Merlin, mchawi na mshauri wake, akamuuliza: unapenda kipi zaidi, upanga au ala yake? Arthur akajibu upanga. Merlin akamwambia amekosa busara, kwa kuwa ala hiyo ina thamani ya panga kumi: anayeivaa hatoki damu hata akijeruhiwa vibaya. Baadaye Morgan le Fay, dada yake Arthur, aliiiba ala hiyo akaitupa majini. Upanga ukabaki, kinga ikaenda. Kwangu mimi hapo ndipo kifo chake kilipoanza.

Siku ya mwisho, akiwa mahututi, alimtuma Bedivere, mmoja wa mashujaa wake, autupe upanga majini. Bedivere aliuficha mara mbili kwa kuuonea huruma, akarudi na uongo. Mara ya tatu akautupa, mkono ukatokea majini, ukaudaka, ukautikisa mara tatu, kisha ukazama nao.

Camelot iko wapi?

Huo ndio mji wa Arthur katika hadithi, lakini msiutafute kwenye ramani. Jina hilo lilitajwa kwanza na mshairi Mfaransa Chrétien de Troyes katika karne ya 12, na ni yeye huyo aliyetuletea mapenzi ya Lancelot, shujaa wa Arthur, na Malkia Guinevere, mke wa Arthur.

Je, Meza ya Duara ipo?

Meza ambayo Arthur na mashujaa wake waliizunguka katika hadithi? Ipo moja kubwa sana Winchester, Uingereza, imetundikwa ukutani. Ni ya mti wa mwaloni, ina upana wa mita 5.5 na uzito wa tani 1.2 hivi. Lakini mbao zake ni za karne ya 13, na ile picha ya mfalme na majina ya mashujaa 24 vilichorwa wakati wa Henry VIII. Meza ya hadithi ililetwa na mshairi Wace mwaka 1155. Iliundwa duara ili wakuu wasigombee kiti cha heshima.

Bibi yangu alinisimulia Fumo Liyongo aliyeuawa na mwanawe. Arthur naye ni hivyo hivyo?

Wanafanana, dada yangu, ingawa njia zao ni mbalimbali. Liyongo alichomwa kitovuni kwa sindano ya shaba na mwanawe, akafa amepiga goti na upinde mkononi, na watu wa mji wakaogopa kwenda kisimani wakidhani yu hai. Kwa Arthur, kumbukumbu za kale za Wales zinasema tu kwamba yeye na Medraut walianguka katika vita vya Camlann mwaka 537, bila kueleza kama walikuwa maadui. Ni wasimuliaji wa baadaye waliomgeuza Medraut, yaani Mordred, kuwa mpwa msaliti, na kisha mwana.

Kaburi lake? Watawa wa abasia ya Glastonbury walidai kuyapata mabaki yake mwaka 1191, miaka saba tu baada ya abasia yao kuungua na kuhitaji fedha nyingi za kujenga upya. Siwaamini. Wala wenyeji wa magharibi hawakuhitaji kaburi, kwa sababu kwao Arthur alipelekwa kwa mashua hadi Avalon, kisiwa cha ajabu, kutibiwa majeraha, na atarudi. Mwaka 1113 makasisi kutoka Laon, Ufaransa, walipita Bodmin huko Cornwall. Mtu mmoja mwenye mkono uliopooza, aliyewajia akitafuta uponyaji, alishikilia kwamba Arthur yu hai. Mtumishi wa wageni akambishia, watu wakaingia na silaha mle kanisani, na nusura damu imwagike.