Ovaroli ya fundi wa kuchomelea: anza na kitambaa

Ndugu, umeuliza kama ovaroli za poliesta mchanganyiko, kwa kuwa bei yake ni nafuu, zitawafaa mafundi wako wa kuchomelea. Tafadhali usizinunue. Poliesta huyeyuka kwenye nyuzi joto 250 hivi za Selsiasi, kisha hung'ang'ania ngozi ikiwa bado ya moto. Pamba haiyeyuki, na ikiwa nzito, fundi hupata muda wa kuikung'uta cheche.

Tafuta pamba iliyotiwa dawa ya kuzuia moto, gramu 300 au zaidi kwa mita ya mraba, yenye lebo ya EN ISO 11611, yaani kiwango cha kimataifa cha mavazi ya kuchomelea. Daraja la 1 ni la kazi nyepesi. Anayechomelea juu ya kichwa apewe daraja la 2, na aproni ya ngozi juu yake. Lebo ikikosekana, chomoa uzi uuwashe pembeni: pamba huacha jivu laini, poliesta huacha kidonge kigumu. Kipimo hiki huonyesha aina ya uzi tu, hakithibitishi dawa.

Mifuko iwe na vifuniko. Suruali isikunjwe chini, maana cheche hutua humo, na ifunike buti, isichomekwe ndani. Fulana ya ndani nayo iwe ya pamba.

Wengi huiharibu ovaroli wakati wa kufua. Jiki huua ile dawa ya kuzuia moto, na dawa ya kulainisha nguo huacha utando unaowaka. Ovaroli yenye grisi isivaliwe kazini kabla haijafuliwa.