Sauti kuachana na midomo katika filamu fupi

Salaam ndugu. Umeeleza kwamba katika filamu yenu ya darasani, picha mlizopiga kwa simu zinalingana na sauti ya kinasa cha pembeni mwanzoni mwa shoti, lakini kufikia dakika ya nne midomo na maneno vimeachana.

Kabla ya kukata chochote zaidi, kagua kasi ya fremu, yaani idadi ya picha zinazorekodiwa kila sekunde, kwa kuwa simu nyingi hurekodi kwa kasi inayobadilikabadilika, ilhali programu ya kuhariri hutarajia kasi moja, kwa mfano fremu 25 kwa sekunde. Nilipoteza wiki nzima nikikishuku kinasa sauti, kumbe kosa lilikuwa kwenye picha. Nilipozipitisha klipu zote katika HandBrake, programu ya kubadilisha faili za video, na kuchagua kasi isiyobadilika, zikatulia. Hakikisha pia sauti ya mradi wako iko kwenye kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde.

Kuhusu muziki, nakusihi usiuharakishe. Panga kwanza mazungumzo, kisha tandaza chini yake ukimya wa chumba kile kile mlichorekodia, yaani sauti yake pasipo mtu kuzungumza, hata sekunde 30 zinatosha kurudiwarudiwa, maana bila huo kila mkato husikika waziwazi. Muziki uje mwisho, pale tu tukio linapouhitaji.