Maswali ya Wasomaji: Tetesi za Gemu za RPG (za Kuigiza Mhusika), za Kushika na za Kuacha

Swali: Inasambaa picha ya ombi la alama ya biashara lenye jina geni, na mwombaji ni kampuni inayomiliki mfululizo ninaoupenda. Wenzangu wanasema hilo ndilo jina la toleo lijalo. Niamini?

Amini kwamba kampuni inalitaka jina hilo. Zaidi ya hapo karatasi haijasema kitu.

Kumbuka yaliyotokea kwa Redfall. Jina hilo liliombewa usajili mwaka 2018, miezi michache baada ya studio ya Bethesda kuonyesha trela fupi ya The Elder Scrolls VI, toleo la sita la mfululizo wake, mwezi Juni. Mashabiki wakaunganisha mambo: ndani ya mfululizo ule kuna jimbo la Hammerfell, wenyeji wake ni Redguard, basi Redfall lazima iwe jina la toleo la sita. Hoja ilikuwa na mashiko na ilidumu karibu miaka mitatu. Juni 2021 ikabainika kuwa Redfall ni gemu ya kupambana na vampaya kwa bunduki, kazi ya studio ya Arkane, ikatoka Mei 2023. Tatizo ni kwamba ombi lilikuwa la ZeniMax, kampuni mama ya Bethesda na Arkane pia, na kutoka kwenye jina la mwombaji huwezi kujua ni studio ipi iliyo nyuma ya jambo.

Kwa hiyo usitosheke na picha. Chukua namba ya ombi uitafute mwenyewe kwenye kumbukumbu za ofisi za alama za biashara, USPTO ya Marekani au EUIPO ya Umoja wa Ulaya. Kutafuta ni bure. Kwanza angalia daraja la bidhaa. Daraja la 9 linabeba programu za gemu, la 41 burudani inayotolewa mtandaoni. Ukikuta la 25 peke yake, hizo ni nguo. La 16 ni vitabu na machapisho. Pili, angalia kama ni ombi jipya au ni kuhuisha usajili wa zamani. Usajili huhuishwa kila baada ya miaka 10, na kila mwaka kuna watu wanaoshangilia kuhuishwa kwa jina la gemu ya zamani wakidhani inarudi. Tatu, angalia msingi wa ombi. Marekani inamruhusu mtu kuomba kwa nia tu ya kulitumia jina baadaye. Ombi likipita, ana miezi 6 ya kuthibitisha kwamba analitumia, na anaweza kuomba nyongeza ya miezi 6 mara kwa mara hadi jumla ifike miezi 36. Ina maana jina linaweza kushikiliwa miaka mitatu bila gemu yoyote kuonekana.

Swali: Nimeona tovuti yenye saa inayohesabu kurudi nyuma na ujumbe wa Morse (alama za nukta na vistari). Inasemekana ni Fallout mpya.

Mbinu hii ilishatumika. Mwishoni mwa 2013 tovuti iliyoitwa The Survivor 2299 ilifanya hivyohivyo, saa na Morse, na watu wakakesha wakifumbua ujumbe. Ilikuwa uongo mtupu. Fallout 4 ilitangazwa na Bethesda wenyewe Juni 2015 na ikatoka tarehe 10 Novemba mwaka uleule.

Kipimo ni kimoja: je, ukurasa rasmi wa studio umeweka kiungo cha tovuti hiyo? Kama haujaweka, iache.

Swali: Wachimbaji wa faili, yaani wanaopekua faili za gemu, wamekuta majina ya maeneo ambayo hayamo kwenye gemu. Pia kuna milango isiyofunguka. Si dalili ya nyongeza (sehemu mpya inayoongezwa kwenye gemu iliyokwisha kutoka)?

Inaweza kuwa dalili, lakini inategemea faili ziliingia lini. Gemu kubwa hutoka ikiwa na mabaki mengi ya kazi iliyokatwa: mazungumzo, ramani nusu, silaha zisizo na picha. Hayafutwi kwa sababu faili moja huitwa na nyingine nyingi, na kuifuta wiki za mwisho kunaweza kuangusha misheni ambayo hakuna aliyefikiria inaitegemea. Ni salama zaidi kuyaacha yalale. Kwa hiyo jina lililokuwemo tangu siku ya kwanza lina uzito mdogo sana. Jina lililoingia na sasisho la miezi kumi baadaye, likiwa na namba zinazofuatana na faili nyingine mpya, hilo lina uzito, maana mtu amelipwa kuliweka pale. Ndiyo maana mchimbaji makini huhifadhi nakala ya kila toleo na kulinganisha, na anayeleta orodha ya majina bila kusema yametoka toleo gani amekuletea nusu ya habari.

Kuhusu milango, Elden Ring inafundisha vizuri. Ilipotoka Februari 2022, viwanja vyake vya mapambano vilikuwa vimefungwa, na wengi waliapa kwamba vitakuwa sehemu ya nyongeza ya kulipia. Vilifunguliwa Desemba 2022 kwa sasisho la bure, kwa ajili ya mapambano ya wachezaji. Nyongeza yenyewe, Shadow of the Erdtree, ilitangazwa Februari 2023 na kutoka tarehe 21 Juni 2024, na lango lake halikuwa mlango wowote uliofungwa: lilikuwa kifukofuko na mkono unaoning'inia ambao kila aliyemshinda Mohg, mmoja wa mabosi wa gemu, alikuwa ameshauona. Mashabiki walikuwa sahihi kwamba kuna kitu kinakuja. Walichokosea ni mahali.

Swali: The Elder Scrolls VI ilitangazwa 2018. Kwa nini mpaka leo haijatoka?

Kwa sababu kilichotangazwa 2018 kilikuwa nia. Timu ilikuwa kwenye gemu nyingine, Starfield, iliyotoka Septemba 2023, na ni Agosti mwaka huo ndipo Bethesda waliposema toleo la sita limetoka kwenye maandalizi na kuingia hatua za mwanzo za utengenezaji. Hesabu yako ianzie hapo. Kwenye maandalizi watu wachache huandika dunia, hujaribu mifumo na kuandaa zana. Kundi kubwa la wachoraji na waandishi wa misheni huingia baadaye, na gemu za ukubwa huu zikishaanza kutengenezwa kikamilifu huchukua miaka.

Ukitaka kujua hatua ya kweli, fuatilia studio zilizo kwenye soko la hisa. CD Projekt, watengenezaji wa The Witcher na Cyberpunk walio kwenye soko la Warsaw, hulazimika kueleza wawekezaji miradi yake. Oktoba 2022 ilitaja miradi kwa majina ya siri: Polaris, ambayo ndiyo The Witcher 4, na Orion, mwendelezo wa Cyberpunk 2077. Taarifa za namna hiyo huchosha kusoma, lakini mstari mmoja wake una thamani kuliko video kumi za uvumi.

Swali: Baldur's Gate 3 imeuza sana. Kwa nini hakuna nyongeza?

Larian, studio iliyoitengeneza, walisema wazi Machi 2024 kwamba hawatatengeneza nyongeza wala toleo la nne. Haki za jina ni za Wizards of the Coast, walio chini ya Hasbro, hivyo toleo la nne likija litatoka kwa mikono mingine. Walichofanya Larian ni kuendelea kutoa viraka (masasisho) vya bure. Cha 8, cha Aprili 2025, kilileta madaraja madogo 12 ya wahusika.

Swali: Nifanye nini na hifadhi yangu ya mchezo (faili inayotunza nilipofikia) ili nyongeza ikija nisianze upya?

Hili ndilo swali tunalotamani wengi waulize, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Nyongeza nyingi huingilia katikati ya hadithi, hazingoji mwisho. Phantom Liberty, nyongeza ya Cyberpunk 2077, hufunguka ukishafika hatua fulani ya kisa cha mtaa wa Pacifica. Shadow of the Erdtree inataka uwe umewashinda mabosi Radahn na Mohg. Kwa hiyo weka hifadhi moja kabla ya misheni ya mwisho na usiiguse tena. Kwenye Elden Ring, ukimaliza gemu unaulizwa kama unataka kuanza mzunguko mpya: kataa. Ukikubali, mabosi hao wawili wanarudi na lazima uwashinde tena, wakiwa wagumu zaidi. Wengi waligundua hilo siku nyongeza ilipotoka.

Tunza nakala nje ya mashine. Kwenye kompyuta, nakili folda nzima ya hifadhi, na usitegemee wingu (hifadhi ya mtandaoni) pekee: faili ikiharibika, wingu huchukua ile iliyoharibika. PS4 hukuruhusu kunakili kwenye USB. PS5 haikuruhusu kwa gemu zake yenyewe, unahitaji wingu la PlayStation Plus.

Modi, yaani mabadiliko ya gemu yanayotengenezwa na mashabiki, ziondoe kabla ya nyongeza kutoka, na uanze na zile zinazobadilisha hati (skripti) za gemu. Hifadhi iliyozoea modi mara nyingi hugoma zikitolewa, kwa hiyo wahi: fungua hifadhi bila modi, cheza nusu saa, hifadhi katika nafasi mpya, kisha ifungue tena uone kama inasimama.

Mwisho, angalia mashine yako. Phantom Liberty haikutoka kwa PS4 wala Xbox One ingawa gemu mama ilikuwepo huko. Kama umebaki kwenye mashine ya kizazi kilichopita, usilipie nyongeza kabla ya kusoma orodha ya mashine kwenye ukurasa wa duka.