Kabla ya kuchagua kampuni, ulizia lenzi

Mhariri, wiki hii mmeuliza: mwenye fedha za kamera moja tu, anayetaka kupiga picha za harusi na sherehe, anunue Canon, Nikon au Sony? Anunue ile inayotumiwa na wapiga picha wengi wa mji wake. Kamera za bei moja na za rika moja hazipishani sana kwa ubora wa picha. Zinapopishana ni kwenye lenzi, fleshi na betri. Lenzi ya Nikon haikai kwenye Canon, na fleshi ya Godox (kampuni ya fleshi) iliyotengenezwa kwa Sony, ukiifunga juu ya kamera ya kampuni nyingine, haielewani nayo vizuri. Otofokasi, yaani kulenga kwa kamera yenyewe, ikikugomea Ijumaa jioni na harusi ni kesho, utaazima kwa mwenzako, na mwenzako lazima awe wa kampuni yako.

Kama mjini kwenu zote zipo, kwa anayeanza na vifaa vilivyotumika naegemea Canon. Lenzi zake za EF, za kamera zake za zamani, zimekuwepo tangu 1987, hivyo za mkono wa pili hazikosekani, na kwa adapta zinafanya kazi na otofokasi yake kwenye kamera zake mpya, za mlango wa lenzi uitwao RF, zilizoanza 2018. Kinyume chake, lenzi ya RF kwenye kamera ya EF, hakiwezekani. Angalia pia herufi: EF-S ni lenzi ya kamera zenye sensa ndogo (sensa ni kipande kinachopokea picha), haiingii kwenye Canon 6D wala 5D, zenye sensa kubwa.

Nikon ina mtego unaowanasa wengi. Kamera zake za D3500 na D5600 hazina mota ya otofokasi ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Ukiifunga lenzi ya 50mm f/1.8D, isiyo na mota yake, inakaa vizuri na mwanga inapima, lakini fokasi utaizungusha kwa mkono, na bibi harusi hakusubiri. Kwa bodi hizo tafuta lenzi iliyoandikwa AF-S au AF-P, zenye mota ndani yake; la sivyo panda hadi D7200, ambayo mota inayo.

Fedha zote zisiishie kwenye bodi. Lenzi ya 18-55 inayokuja na kamera, ukivuta hadi 55, hufunguka f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, mwanga huingia zaidi). Ukumbini usiku, 50mm f/1.8 huingiza mwanga karibu mara 10 zaidi. Ila kwenye sensa ndogo ya Canon inabana kama lenzi ya 80mm, yaani inaona eneo dogo, kwa hiyo 18-55 usiiuze: ukoo mzima ukipanda jukwaani utaihitaji.

Kwa kamera iliyotumika, omba picha iliyopigwa siku hiyo hiyo. Nikon huandika idadi ya mapigo ya shata (pazia linalofunguka kila unapopiga picha) ndani ya faili la picha, lakini isipitie WhatsApp kama picha ya kawaida, maana taarifa hizo hufutika. Canon nyingi haziandiki. Unaichomeka kwenye kompyuta na kuisoma kwa programu. Canon 5D Mark III, kwa mfano, shata yake imekadiriwa kudumu mapigo 150,000.

Kisha mulika tochi kutokea nyuma ya lenzi. Nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na kwa joto la pwani lenye unyevu huenea. Lenzi nyingi za Nikon zikiwa nje ya kamera tundu lake la mwanga hujifunga, kwa hiyo sukuma kikono kidogo cha nyuma ndipo uone ndani.

Sony, fungua menyu ya lugha kabla hujalipa. Nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Japani huwa na Kijapani peke yake, na kwenye menyu hakuna pa kubadilisha.